Kiwanda Kikiachwa na Tajiri Wake, Pikipiki Inabaki ya Nani?

Kijana wa bodaboda wa Mtwara aliyechukua pikipiki ya mkataba anaijua vizuri sheria moja ya umiliki. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Mafuta ananunua yeye, pancha anaziba yeye, na wateja wa Magomeni na Chikongola wana namba yake yeye. Ile pikipiki anaitambua kwa mlio tu. Lakini kadi ina jina la tajiri, na wakigombana kabla mkataba haujaisha, funguo zinarudi kwa mwenye kadi, hata kama zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Mwaka 2009 mhandisi Mmarekani aitwaye Erik Buell alikutwa na jambo la namna hiyo, ila kwake haikuwa pikipiki moja. Kilikuwa kiwanda kizima, tena kimebeba jina la ukoo wake. Siku tajiri alipokifunga, haki za jina na haki za michoro zilikuwa mikononi mwa tajiri. Buell alianza upya akiwa na miaka 59. Yaliyofuata yanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu huku kwetu, kuanzia Masasi mpaka Lindi mjini, wapo mafundi wanaochomelea matela, maguta na keria za kubebea magunia ya korosho kwa ubunifu wao wenyewe. Siku mwenye fedha atakapomfuata mmoja wao na karatasi ya kusaini, ni muhimu fundi huyo ajue karatasi ile inagawa vitu gani.

Alivyoingia mikononi mwa Harley

Buell alikuwa mhandisi wa Harley-Davidson, kampuni kongwe ya pikipiki ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1983 aliacha kazi ili atengeneze pikipiki yake ya mashindano, RW750. Alipokaribia kuiuza, shirikisho la mashindano la Marekani likafuta daraja ambalo pikipiki ile ilitengenezwa kwa ajili yake. Ilikuwa mwisho wa 1985. Mashine ikawepo, mbio zikawa hazipo tena.

Akageukia pikipiki za barabarani. Ya kwanza, RR1000, ilitumia injini za Harley. Hapo ndipo utegemezi ulipoanza, miaka mingi kabla ya hisa kuuzwa. Fremu inaweza kuchomelewa na karakana ndogo yenye watu hodari, lakini injini inadai kiwanda cha kuyeyushia chuma, mashine za kuchonga kwa vipimo vya unywele, na miaka ya majaribio. Ndiyo maana watengenezaji wadogo wengi wa pikipiki duniani hununua injini ya mtu mwingine. Na anayekuuzia injini tayari amekushika sehemu nyeti, hata kama hana hisa hata moja kwako.

Mwaka 1993 Harley ilinunua asilimia 49 ya kampuni. Mwaka 1998 ikachukua sehemu kubwa ya hisa, na miaka michache baadaye ikawa mmiliki kamili. Buell alibaki kuwa msanifu mkuu na sura ya kampuni.

Lazima niseme kidogo kuhusu pikipiki zenyewe, maana bila hivyo hatutaelewa kilichopotea. Mwaka 2002 walitoa XB9R Firebolt. Petroli haikuwa kwenye tangi la juu. Ilikaa ndani ya fremu, ambayo ilikuwa ya alumini, nene na yenye uwazi katikati. Oili ya injini ilikaa ndani ya swingamu, yaani ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Bomba la moshi liliwekwa chini ya injini. Lengo lilikuwa kukusanya uzito wote katikati na chini, ili pikipiki igeuke upesi bila kuyumba.

Breki ya mbele ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Katika pikipiki ya kawaida yenye breki ya diski, diski imefungwa katikati ya gurudumu. Ukikamata breki, nguvu inaanzia katikati, inapita kwenye spoku au mikono ya rimu, ndipo inafika kwenye tairi. Kwa hiyo mikono hiyo lazima iwe minene. Buell alifunga diski moja kubwa, yenye upana wa milimita 375, kwenye ukingo wa rimu. Nguvu ya breki ikawa inakwenda moja kwa moja kwenye tairi, mikono ya rimu ikaweza kuwa myembamba, na diski ya pili haikuhitajika. Gurudumu likawa jepesi, na gurudumu jepesi huifuata barabara vizuri zaidi kwenye matuta. Dereva yeyote wa barabara ya vumbi ya Liwale anaelewa faida hiyo bila kuchorewa.

Mwaka 2007 ikaja 1125R, na safari hii injini ilitengenezwa na Rotax ya Austria badala ya Harley. Mwaka 2009 Danny Eslick akatwaa ubingwa wa Daytona SportBike wa Marekani akiwa juu ya pikipiki hiyo. Mwaka huo huo, tarehe 15 Oktoba, Harley ilitangaza kuifunga Buell. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, mauzo ya Harley yenyewe yalikuwa yameshuka, na wakubwa waliamua kurudisha nguvu kwenye jina lao. Kampuni ya Italia ya MV Agusta, waliyoinunua mwaka uliotangulia tu, nayo ikatangazwa kuuzwa. Tarehe 30 Oktoba pikipiki ya mwisho ya Buell ilitoka kiwandani East Troy. Zilikuwa zimetengenezwa 136,923 tangu mwanzo.

Neno "kiwanda" lina vitu vingi ndani

Tukisema "fulani amepoteza kiwanda", tunafikiria mabati na mashine. Kumbe hapo ndani kuna mali kadhaa, na kila moja ina sheria yake.

Kuna jina, ambalo kisheria ni alama ya biashara. Jina halijali umeitwa nani na wazazi wako. Buell aliendelea kuwa Erik Buell kwenye hati yake ya kusafiria, lakini haki ya kubandika neno Buell kwenye tangi na kuliuza ilikuwa ya Harley. Fundi mmoja wa hapa mjini nilipomsimulia aliniuliza, "Kaka, sasa mtu ananyimwaje jina lake mwenyewe?" Jibu ni kwamba hakunyimwa jina, aliuza alama. Ukisajili kampuni kwa jina lako kisha ukauza kampuni yote pamoja na alama zake, umeuza na ile haki ya kulitumia jina hilo sokoni.

Kuna hataza, inayolinda namna kitu kinavyofanya kazi. Hii ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Hataza hailindi wazo la jumla, kwa mfano "breki bora ya pikipiki". Inalinda madai mahususi yaliyoandikwa kwenye maombi, na kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Inafanya kazi katika nchi ilikosajiliwa tu. Mhandisi aliyebuni akiwa ameajiriwa, kwa kawaida mkataba wake wa kazi unasema uvumbuzi ni wa mwajiri. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akakatazwa kutengeneza kitu alichokibuni kwa kichwa chake.

Kuna kalibu na vifaa vya kiwandani. Hivi ni vyuma vya kushikika, lakini vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tuseme kalibu ya kipande kimoja inagharimu shilingi milioni 50. Ukitoa vipande 100, kila kipande kimebeba laki tano za kalibu kabla hujanunua hata gramu moja ya alumini. Ukitoa vipande 10,000, kila kimoja kinabeba elfu tano tu. Pikipiki ina mamia ya vipande vya namna hiyo.

Halafu kuna mikataba na wanaokuletea vifaa, kuna mawakala wanaouza na kutengeneza, na kuna ujuzi uliomo vichwani mwa wafanyakazi. Buell alikuwa akiuza kupitia maduka ya Harley. Milango ile ilipofungwa, hakubaki na hata duka moja. Ujuzi tu ndio uliotoka getini pamoja na watu, nao hauna thamani kubwa kama watu wenyewe wametawanyika kutafuta kazi kwingine.

Leseni na mipaka yake

Novemba 2009, mwezi uleule uliofuata, alianzisha Erik Buell Racing palepale East Troy. Kilichomwezesha ni leseni kutoka Harley ya kutengeneza pikipiki za mashindano zilizotokana na 1125R. Leseni ni ruhusa ya kutumia mali ya mwenzako kwa masharti, na masharti ndiyo roho yake. Aliruhusiwa uwanja wa mbio, na kiwanda kinacholenga mbio peke yake kinauza pikipiki chache sana.

Kutoka hapo alijenga kidogo kidogo. Injini ya Rotax ilikuzwa kutoka sentimita za ujazo 1125 hadi 1190, na mwaka 2011 wakatoa 1190RS, pikipiki halali ya barabarani, ikibeba herufi EBR. Bei yake ilikuwa karibu dola 40,000. Wapo waliomshutumu kwa tamaa, nami naona walimwonea. Rudi kwenye hesabu ya kalibu: anayetengeneza pikipiki mia moja hana njia ya kuuza kwa bei ya anayetengeneza elfu kumi. Wenye vifaa nao hawampi punguzo, kwa sababu oda yake wanaimaliza asubuhi moja. Ili bei ishuke lazima idadi ipande, ili idadi ipande lazima pawe na mtaji, na mtaji wa namna ile haupatikani kwa kuuza pikipiki mia moja. Kwa hiyo alihitaji tajiri mwingine.

Tajiri huyo alitoka India, na kisa chake kinafanana na cha Buell zaidi ya watu wanavyojua. Hero ilifanya kazi na Honda kuanzia 1984 chini ya jina Hero Honda, ikawa muuzaji mkubwa wa pikipiki kuliko wote duniani kwa idadi. Desemba 2010 Honda ikaamua kutoka. Mwaka 2011 kampuni ikabadili jina kuwa Hero MotoCorp, na ikapewa muda hadi 2014 wa kuendelea kutumia teknolojia ya Honda. Fikiria ukubwa wa jambo hilo: kampuni inayouza mamilioni ya pikipiki kwa mwaka, ina viwanda, ina mawakala, ina fedha, lakini usanifu wa injini zake ni wa mtu anayeondoka. Hero ilikuwa na kila kitu isipokuwa kile ambacho Buell alikuwa nacho.

Ndiyo maana mwaka 2013 Hero ilikubali kutoa dola milioni 25 kwa asilimia 49.2 ya Erik Buell Racing. Mwaka huo ikatoka 1190RX kwa bei ya dola 18,995, chini ya nusu ya ile RS. Mwaka 2014 Hero ikaonyesha Delhi pikipiki ndogo ya michezo, HX250R, iliyosanifiwa pamoja na watu wa East Troy.

Kwa muda ilionekana kila upande umepata ulichokosa. Lakini tatizo la mawakala halikuwa limeisha. Pikipiki ya bei nafuu huleta faida ikiuzwa kwa wingi, na kuuza kwa wingi kunadai maduka mengi yenye mafundi na spea. Mtandao huo Harley ilikuwa imeujenga kwa miaka zaidi ya mia. EBR ilikuwa na miaka mitano. Aprili 2015 ilifunga milango, ikapeleka maombi mahakamani ya kuwekwa chini ya mfilisi, ikiwa na madeni ya dola milioni 20 hivi. Wafanyakazi 126 wakabaki bila kazi. Hero ikanunua kazi za usanifu zilizokuwa zinaandaliwa kwa ajili yake, nayo ikaendelea na safari. HX250R haikufika sokoni.

Januari 2016 kampuni iitwayo Liquid Asset Partners, ya Michigan, ambayo kazi yake ni kununua na kuuza mali za biashara zilizofilisika, ilichukua mali za kiwanda kwa takribani dola milioni 2. Miaka mitatu kabla, chini ya nusu ya Erik Buell Racing ilikuwa imethaminiwa dola milioni 25. Tofauti hiyo inaonyesha ni kiasi gani cha thamani ya kiwanda kinakaa kwenye kutembea kwake. Kikisimama, wanunuzi wanapiga hesabu ya vyuma na karatasi tu.

Mwaka 2021 jina la Buell lilirudi sokoni, makao yakiwa Grand Rapids, Michigan, na pikipiki zilizotokana na zile za 1190. Erik Buell mwenyewe hayumo. Alikuwa amekwenda kuanzisha Fuell, kampuni ya vyombo vya umeme, nayo ikafilisika 2024. Jina liko upande mmoja, mwenye jina upande mwingine.

Waliosalimika walikuwa na nini

Historia ya pikipiki ina mifano iliyokwenda vizuri, nayo inafundisha kwa sababu imegawanyika kwa namna tofauti.

Royal Enfield ilikuwa kampuni ya Uingereza, Redditch. Mwaka 1955 ilianza kuunganishwa Madras, India, na miaka miwili baadaye mitambo ya kutengenezea vipande vya Bullet ikauzwa kwa Wahindi. Kampuni ya Uingereza ilikufa kufikia mwaka 1970. Ya India ikaendelea kutoa Bullet kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kalibu na mitambo vilikuwa kwake, na wateja walikuwa kwake. Jina kamili lilikuja kutumika tena baadaye, baada ya Eicher kuichukua kampuni mwaka 1994. Wao walianza na vyuma, jina likafuata.

Triumph ilikwenda kinyume chake. Kiwanda cha Meriden kilipofilisika mwaka 1983, John Bloor, mjenzi wa nyumba, alinunua jina na haki za utengenezaji. Alimpa Les Harris leseni ya kuendelea kuunda Bonneville ya zamani, naye aliziunda huko Devon kuanzia 1985 hadi 1988. Wakati huo Bloor alikuwa anasanifu pikipiki mpya kabisa, akajenga kiwanda Hinckley, na mwaka 1990 akazionyesha. Leseni ile iliweka jina hai sokoni wakati yeye anajipanga. Alikuwa na subira, na alikuwa na fedha zake mwenyewe za nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwamuru afunge.

Sisi wa kusini tunayo kumbukumbu yetu ya mfadhili kuondoka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga uliofika Nachingwea, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Reli ilikuwa imekufa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari bado inapakia korosho. Bandari inapokea mzigo wowote, ilhali reli ile ilikuwa imechorwa kwa ajili ya karanga.

Spea zinakwenda wapi

Swali la mwisho ni la mwenye pikipiki, si la mwenye kiwanda. Nenda duka lolote la spea Mtwara uombe beringi ya gurudumu yenye namba 6301 au 6202. Muuzaji atakuuliza unataka ya bei gani tu. Namba hizo ni vipimo vya kimataifa, watengenezaji wengi wanatoa, na kampuni ya pikipiki yako ikifa leo beringi itaendelea kuja. Ile diski ya milimita 375 ya Buell haina ndugu kwenye pikipiki nyingine. Harley iliahidi kuendelea kutoa spea kwa waliokwisha kununua, na Erik Buell Racing nayo ilihudumia pikipiki za zamani, lakini kila mwenye nayo alijua anategemea akiba ya mtu.

Kuna jambo linachanganywa sana kwenye maduka yetu. Spea iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ikabeba jina lake yenyewe, ni spea mbadala, na mara nyingi ni halali kabisa. Spea iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza mali ya namna hiyo. Kwa pikipiki ambayo mtengenezaji wake ametoweka, zile mbadala ndizo zinazoiweka barabarani, na hataza zikiisha muda mlango unafunguka zaidi.

Sasa nirudi kwa mafundi wetu. Kwa Tanzania Bara hataza na alama za biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, unaweza kuomba ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa maombi mamoja. Mfadhili akija, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, za Mtwara na Lindi ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia kabla ya kusaini. Katika mkataba tenganisha jina, michoro, kalibu na leseni, kila kimoja na aya yake. Dai kipengele kinachosema kwamba mfadhili akiacha kuzalisha kwa muda fulani, haki zinarudi kwa mbunifu. Wafadhili wengi watakipinga. Ukibanwa kuchagua, mimi ningeachia asilimia za hisa kuliko kipengele hicho, maana ndicho kingekuruhusu kuwasha mashine tena bila kuomba leseni kwa mtu.

Na muda wa kuomba una maana kubwa. Sheria za hataza zinadai uvumbuzi uwe mpya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena. Kila Agosti vijana hupeleka mashine zao viwanja vya Ngongo, Lindi, kwa Nane Nane, wakazieleza kwa kila anayepita, wakapigwa picha, picha zikasambaa. Anayetaka kulinda chake apeleke kwanza maombi BRELA, yakiwa na michoro, maelezo ya namna mashine inavyofanya kazi, na madai ya kile hasa alichokigundua yeye, ndipo aipakie kwenye gari la Ngongo.